Sumaku, mbegu na feza ya sanduku

Tangu Noeli ipite swali linalorudi kwenye kila kikao ni moja: ile sumaku ya mbegu, tuilipe ao tuiache? Wengine wametuuliza njiani, wengine wametuma watoto shuleni na kikaratasi. Musimu B uko mlangoni. Mvua ya Februari haitangoji tumalize mazungumzo, kwa hiyo juma hili tunaandika yote tuliyoyaona na tuliyoyafanya, ili hata wale ambao hawakufika kikaoni wajue namna mambo yalivyokwenda.

Kwa ufupi, kuna mtu anayezunguka kwenye masoko yetu na moto, nyuma amefunga sanduku la mbao lenye sumaku ndani. Anapitisha mbegu zako juu ya lile sanduku, dakika chache, kisha anakurudishia mfuko. Anasema maharagi yataota haraka, yatakuwa na nguvu, na mavuno yatakuwa mara mbili. Bei ni franka 500 kwa kilo. Ukisikia hivyo unaona ni kidogo. Lakini tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye kalasi la nne: tuko wamama 22, kila mmoja anatayarisha kilo kama 15 za mbegu, hiyo ni kilo 330. Kilo 330 mara 500 ni franka 165.000. Feza hiyo iko wapi? Iko ndani ya sanduku la AVEC, lile lile linalotukopesha wakati mtoto ana malaria, na wakati mkuu wa shule ya sekondari anapowarudisha watoto nyumbani kwa sababu ya masomo. Shule ya msingi tulisamehewa kulipa tangu 2019, lakini wale wakubwa wetu hakuna aliyewasamehe.

Hatukumcheka yule mtu. Jambo lenyewe la kuweka mbegu kwenye sumaku si hadithi aliyoitunga yeye. Watu wenye masomo makubwa wamelishughulikia kwa karibu miaka mia moja. Mwaka 1930 mtafiti aliyeitwa Savostin aliandika kwamba miche ya ngano iliyokaa karibu na sumaku ilirefuka haraka kuliko mingine. Miaka ya 1960, kule Lethbridge nchini Kanada, Bwana U. J. Pittman aliona mizizi ya ngano ikipenda kutanda upande wa kaskazini na kusini, akaanza kujiuliza kama ni sumaku ya dunia inayoivuta, akajaribu pia kuzipitisha mbegu kwenye sumaku kabla ya kuzipanda. Mwaka 2008 watafiti wa New Delhi, Uhindi, walitoa matokeo ya dengu: waliweka mbegu kwenye sumaku kwa saa moja hadi saa nne, wakaona zimeota vizuri zaidi na miche imekuwa na mizizi mirefu zaidi. Huko Madrid, Uhispania, walifanya hivyo kwa mahindi na kwa mchele. Maelezo yao ni kwamba sumaku inasaidia maji kuingia kwenye mbegu, na inaamsha mapema zile kemikali zinazovunja unga wa mbegu ili uwe chakula cha mche.

Kwa hiyo mama anayesema «ni uchawi» hana haki, na mama anayesema «ni sayansi, basi tulipe» naye ameenda haraka sana. Sayansi iko na tabia moja nzuri: mtu akiona kitu, wengine wanakirudilia. Mwaka 2007 kundi moja la watafiti liliandika kwamba miche ya mmea mdogo unaoitwa Arabidopsis inakua tofauti ikiwa karibu na sumaku. Mwaka 2009 kundi lingine likarudilia kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, halikuona tofauti yoyote. Kwenye mambo ya sumaku na mimea hilo limetokea mara nyingi: huku wanaona, kule hawaoni. Na wale wanaoona, mara nyingi wanaona kwenye sahani za maabara, siku saba ao kumi za kwanza. Toka sahani ya maabara hadi mfuko wa maharagi yaliyovunwa kuna njia ndefu, kuna mvua, kuna wadudu, kuna mbuzi wa jirani.

Kitu kingine ni kipimo. Nguvu ya sumaku inapimwa kwa tesla, kama uzito unavyopimwa kwa kilo. Sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, ni ndogo sana: kati ya mikrotesla 25 na 65 kufuatana na mahali, na huku kwetu karibu na ikweta ni ndogo kuliko kwenye ncha za dunia. Wale wa New Delhi walitumia hadi militesla 250, ni kusema nguvu ya dunia mara maelfu. Tena walijua mbegu zao zimepata kiasi gani na kwa muda gani, na si kila kiasi kilitoa matokeo sawa. Tulimwuliza mwenye sanduku: sumaku yako iko na nguvu gani? Akajibu: «Nguvu ya kutosha.»

Tulionyesha jambo hili kwenye kikao cha siku ya posho kwa kitu ambacho kila nyumba inacho. Chukueni sumaku ya bafle mbovu na sindano ya kushona. Weka karatasi moja ya kaye katikati: sindano inakamatwa. Weka karatasi kumi: bado inakamatwa. Sasa weka kaye nzima, kisha kaye ya pili juu yake, kisha ya tatu: sindano inaanguka. Nguvu ya sumaku inapungua mbio sana unapoenda mbali nayo, hata kwa vidole viwili tu. Sasa fikirini mfuko wa kilo 15 unaopitishwa juu ya sanduku la mbao. Yale maharagi ya chini yamepata kitu kidogo. Yale ya katikati na ya juu yamepata hewa ya soko. Wamama walielewa kabla hatujamaliza kueleza, na mama mmoja mzee akauliza kama yule mtu anapunguza bei kwa maharagi ya juu.

Lakini kusema tu haitoshi, maana hata sisi walimu tunasema mengi. Tuliamua kujaribu wenyewe. Tulichukua maharagi ya mama mmoja, ya shimo moja na mavuno mamoja, tukachagua, tukahesabu 100 na 100 nyingine. Mia ya kwanza tuliilaza juu ya sumaku ya bafle, zimetandazwa safu moja tu, kwa saa mbili. Mia ya pili tuliilaza kando, kwenye sahani iliyofanana, mbali na sumaku. Tukazipanda kwenye mabeseni mawili yenye mchanga wa mtoni ulioshwa, tukanyunyiza maji ya kopo moja moja. Mabeseni tuliyaandika namba tu. Watoto wa kalasi la sita ndio waliohesabu kila asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyejua beseni lipi ni la sumaku. Hilo ni la lazima, wamama. Mtu akijua, jicho lake linamsaidia yule anayempenda.

Siku ya nane beseni la sumaku lilikuwa na miche 91, lingine 87. Mungu wangu! Habari ilifika sokoni kabla ya kengele ya saa sita. Mama mmoja alikuja na feza mkononi.

Tukamwomba angoje, tukarudilia. Mara ya pili: sumaku 86, bila sumaku 90. Mara ya tatu: sumaku 89, bila sumaku 88. Ukijumlisha ni 266 kwa 265. Ni kama kurusha feza ya chuma hewani mara kumi: ukipata vichwa sita, haina maana kwamba chuma hicho kinapenda kichwa. Kama tungeacha siku ile ya kwanza, franka 165.000 zingeondoka sandukuni juu ya mbegu nne.

Hatusemi kwamba tumewashinda watu wa New Delhi kwa mabeseni mawili na sumaku ya bafle. Wao wana mashine tusizo nazo. Tunachosema ni kwamba kile kinachouzwa kwetu sokoni si kile walichokifanya wao.

Kisha kuna hesabu moja ambayo watoto waliiona wenyewe, na kwetu sisi ndiyo iliyokata maneno. Kama kati ya mbegu 100 zinaota 88, sumaku bora ya dunia nzima inaweza kukuongezea 12 tu, haiwezi hata moja zaidi. Mbegu ambayo imekwisha kuota haiwezi kuota mara mbili. Sasa «mavuno mara mbili» yatatoka wapi? Maharagi yetu hayashindwi kwa kuchelewa kuota siku moja. Yanashindwa kwa mizizi kuoza musimu mvua inapozidi, kwa majani kupata madoa, kwa udongo uliochoka kwa sababu tunalima kipande kile kile kila mwaka bila samadi. Kuna magonjwa yanayosafiri ndani ya mbegu yenyewe, na kupitisha mbegu mgonjwa kwenye sumaku hakuiponyi.

Katika kuhesabu huko ndipo tulipokuta jambo ambalo hatukulitafuta. Mama mmoja wa chama chetu, mjane, watoto wanne, alileta maharagi yake naye ili yahesabiwe, kwa sababu tu wengine walikuwa wakileta. Alikuwa ameyanunua sokoni mwezi wa kumi na mbili, yanang'aa, yamechaguliwa vizuri. Kati ya 100 yaliota 52. Tulirudilia na sumaku kwa sababu alituomba sana: 54. Yale yaliyokuwa yamekufa yalibaki yamekufa. Pengine muuzaji alichanganya ya zamani na mapya, ao yalianikwa vibaya yakapata joto kwenye mfuko. Hatujui, na macho hayawezi kuona. Mama huyu alikuwa tayari kulima kipande chake chote kwa mbegu ambayo nusu yake haipo. Angeona shamba lina mapengo mwezi wa tatu, na wakati huo musimu umekwisha kupita. Alikaa kwenye benchi ya kalasi bila kusema kitu kwa muda mrefu.

Hapo ndipo feza ya chama ilipoanza kuwa na kazi nyingine kichwani mwetu. Lakini kwanza tuseme namna ya kuhesabu, maana kila mama anaweza kuifanya jikoni. Changanya mbegu zako vizuri, toa za juu, za katikati na za chini, usichague zile nzuri tu. Hesabu 100. Zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, kikunje, kiweke kwenye sahani mahali pasipo baridi, kinyunyize kila asubuhi na jioni. Baada ya siku saba ao nane hesabu zilizotoa mzizi wenye afya. Zikiwa 85 na zaidi, panda bila wasiwasi. Zikiwa kama 70, ongeza mbegu kidogo kwenye kila shimo. Zikiwa chini ya hapo, afadhali uzipike na utafute nyingine. Inagharimu sahani ndogo ya maharagi.

Kwa wale wanaotaka mbegu iote mbio, iko njia ya bibi zetu, na watafiti wameipima pamoja na wakulima wa Uhindi na Zimbabwe tangu miaka ya 1990: kulowesha usiku mmoja. Tuliijaribu kwa mahindi. Beseni moja kavu, moja la sumaku, moja la mahindi yaliyolala ndani ya maji tangu saa kumi na mbili za jioni hadi saa kumi na mbili za asubuhi, kisha yakapanguswa na kukauka juu tu, yakapandwa siku ile ile. Yale yaliyoloweshwa yalitangulia mengine kwa siku moja na zaidi, mara zote tatu. Sumaku na kavu zilitembea pamoja kama watoto pacha. Lakini kuweni waangalifu: saa kumi na mbili hadi kumi na nane kwa mahindi zinatosha, zaidi ya hapo mbegu inakosa hewa na kuanza kufa. Na maharagi msiyafanyie hivyo. Ngozi yake ni nyepesi, yanakunywa maji mbio, yanapasuka. Pia loweka tu kama udongo una unyevu ao mvua imeanza. Mbegu iliyoamka ikakuta udongo mkavu haina namna ya kurudi kulala. Na mbegu za rangi, nyekundu ao buluu, zile zenye dawa, msiziloweshe kwenye vyombo vya jikoni, wala msizipike hata kama njaa ni kali.

Swali moja la kikao tuliandike hapa kwa sababu lilitufurahisha. Mama mmoja aliuliza: haya maharagi ya chuma ambayo agronomi anatuhimiza tulime juu ya damu ya watoto na ya wamama wenye mimba, sumaku haitavuta chuma chake na kukitoa? Hapana, mama. Chuma kilichomo kwenye maharagi si kipande cha msumari. Kimefungwa ndani ya chakula, ni kidogo mno, na sumaku haikioni. Tulijaribu mbele ya wote: maharagi yalibaki yametulia kwenye meza. Lakini swali ni la akili, na tungependa watoto wetu wa sekondari waulize hivyo.

Siku ya soko iliyofuata tulimwendea yule mtu watu watano, na mtunza feza wetu, tukamsalimia vizuri. Tulimwambia: Ndugu, hatukufukuzi. Chukua kilo 10 za maharagi yetu, zipitishe kwenye sumaku yako namna unavyotaka, bila kulipwa leo. Sisi tutapanda mistari kumi ya kwako na mistari kumi ya kwetu, moja kwa moja, shamba moja, siku moja. Wakati wa mavuno utakuja wewe mwenyewe kupima. Kama ya kwako imezidi kweli, tutakulipa mara mbili ya bei yako na musimu A tutakuita. Alitutazama, akasema biashara haingoji miezi mitatu, akafunga sanduku lake. Hakuwa na hasira. Tulisikia baadaye kwamba amekwenda kwenye soko la ng'ambo ya mlima.

Kikao kiliamua hivi. Feza haikutoka sandukuni kwa sumaku. Sehemu yake tumenunua bidoni za lita 20, zile za njano, safi, zenye mfuniko unaokaza. Bidoni moja inaingia kilo kama 15, ni kusema mbegu ya mama mmoja. Maharagi yakikauka vizuri, mpaka ukiuma yanavunjika na hayabonyei, unajaza bidoni hadi juu kabisa, unatikisa, unajaza tena, unakaza mfuniko. Wale wadudu wanaotoboa maharagi wanamaliza hewa iliyobaki ndani na kufa, bila unga wa dawa ambao tunaogopa kwa sababu watoto wanagusa kila kitu. Msifungue-fungue kutazama, kila ukifungua unawaletea hewa mpya. Sehemu nyingine ya feza imebaki kwa masomo, kama ilivyokuwa imepangwa.

Kuhusu mama yetu mjane, kila mmoja ametoa makopo mawili ya mbegu zilizohesabiwa. Atarudisha makopo matatu kwa chama wakati wa mavuno, si kwa mtu mmoja mmoja, na yatakuwa mwanzo wa akiba ya mbegu yetu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaja tatu. Maharagi yake ya zamani tuliyapika siku ile ya kuhesabu, na bugali na sombe, yalikuwa matamu sana.

Tujue pia kwamba si wote walikubali. Wamama wawili walikuwa wamekwisha kulipa kwa feza yao wenyewe kabla ya kikao, na ni haki yao. Tumewaomba waache mistari michache bila sumaku, kando ya ile ya sumaku, na wamekubali kwa furaha. Mmoja amesema tutaona aibu. Tutakwenda kuhesabu pamoja mwezi wa tatu, na tena wakati wa kuvuna, na tutaandika hapa matokeo yoyote yatakayokuwa.

Kikao kijacho ni siku ya posho, saa tisa, kwenye kalasi la sita. Anayetaka mbegu zake zihesabiwe kabla ya mvua alete 100 ndani ya sashe, na jina lake, na tarehe aliyovuna ao aliyonunua. Bidoni tano bado hazina mwenyewe.